Kitabu cha Eldadi Mdani: Makabila Kumi, Mito ya Kushi na Tumaini la Ukombozi

Swali: Katekista mmoja wa Bukoba ametuandikia kwamba amesikia mara nyingi, katika mahubiri na katika mazungumzo ya vijana, kuwa kipo kitabu cha Kiebrania kilichochapishwa kabla ya Columbus kuvuka bahari, kinachosema makabila ya Israeli yaliyopotea yanaishi ng'ambo ya mito ya Kushi. Anauliza kama kitabu hicho kipo kweli, kinafundisha nini juu ya ukombozi, na kama kinaweza kuthibitisha kwamba baadhi ya watu wa eneo la Maziwa Makuu ni uzao wa Israeli. Anaongeza kuwa shemeji yake anayeishi Ujerumani ameonyeshwa picha za nakala inayouzwa, naye angependa kujua aichunguze vipi.

Jibu:

Ndugu katekista,

Kitabu kipo. Kwa Kiebrania kinajulikana kama Sefer Eldad ha-Dani, yaani Kitabu cha Eldadi Mdani, na chapa yake ya kwanza ilitoka Mantua, mji wa kaskazini mwa Italia, katika karakana ya Abraham Conat, Myahudi aliyekuwa tabibu na mchapaji. Chapa yenyewe haina tarehe. Wataalamu huiweka karibu na mwaka 1480 kwa kulinganisha herufi zake na za vitabu vingine vya Conat. Kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichochapishwa kikiwa na tarehe, ufafanuzi wa Rashi, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 11, juu ya Torati, kilitoka Reggio di Calabria mwaka 1475. Kwa hiyo kisa cha Eldadi kimo miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ambayo Wayahudi waliona yanastahili gharama ya herufi za risasi, wino na karatasi.

Nitajibu maswali yako yote, lakini naomba nitangulize hukumu yangu ili usisome ukidhani nitaishia penginepo. Kitabu hiki ni ushahidi wa thamani kubwa wa namna watu waliotawanyika walivyotumaini kukombolewa, na hakiwezi kamwe kuwa hati ya nasaba ya watu wowote wa Afrika. Hata hivyo kiligusa maisha ya Waafrika halisi kwa njia ambayo mwandishi wake asingeweza kuiota, na jambo hilo nitalieleza kwa kirefu.

Tuanze na mtu mwenyewe. Karibu mwaka 883 alifika Kairouan, katika Tunisia ya leo, mgeni aliyejiita Eldadi, mtu wa kabila la Dani. Alisema Kiebrania peke yake, au ndivyo alivyodai, na alieleza sheria za kuchinja na za nyama iliyoharamishwa kwa namna ambayo Wayahudi wa mji ule hawakuwahi kuisikia. Wazee wa Kairouan hawakumkubali kwa pupa wala hawakumfukuza. Walimwonyesha vitu kimoja kimoja wakamwuliza majina yake kwa lugha takatifu, wakayaandika. Njiwa alimwita tintar, ndege akamwita rekut, pilipili akaiita darmos. Baada ya muda wakamwuliza tena maneno yaleyale, wakakuta majibu yake hayakubadilika. Kisha wakaandika barua kwa Tzemach, mkuu wa chuo cha Sura huko Babeli, aliyekuwa na kauli ya juu katika mambo ya sheria, wakimweleza kila walichokisikia na kumwuliza wafanyeje.

Barua ile na jibu lake ndizo sehemu ninazozithamini kuliko zote katika habari nzima ya Eldadi, kwa sababu ndani yake tunasikia watu waliokuwa na jambo la kweli la kuamua jikoni na machinjioni. Sheria za Eldadi, kwa mfano, zilikataza mwanamke kuchinja, ilhali Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi, inaruhusu. Iwapo mgeni huyu ametoka kweli katika kabila lililohifadhi mapokeo ya Musa bila kukatika, je, ni wao Kairouan waliokosea miaka yote? Tzemach aliwatuliza. Aliwajibu kwamba habari za Eldadi alikwisha kuzisikia kwa watu waliokutana naye, kwamba hata kati ya wanazuoni wa Babeli na wa Nchi ya Israeli zipo tofauti za matamko na desturi, na kwamba mtu aliyepatwa na misukosuko mingi njiani anaweza kuwa amesahau au kuchanganya. Akawasisitiza washike waliyofundishwa na walimu wao. Ni jibu la busara kubwa: lilimwachia mgeni heshima yake, na papo hapo likawalinda wenyeji wasitupe sheria yao.

Sasa kisa chenyewe. Eldadi anasimulia kwamba alitoka kwao, ng'ambo ya mito ya Kushi, akapanda chombo pamoja na mtu wa kabila la Asheri. Dhoruba ikavunja chombo usiku, wakashikilia ubao hadi wakatupwa pwani ya watu wala watu. Mwenzake alikuwa mnono, akaliwa. Yeye alikuwa amekonda na mgonjwa, wakamweka ili anenepe, naye akawa anakificha chakula walichompa. Wakaja maadui wa watu wale, wakateka na kupora, na Eldadi akawa mateka wa waabudu moto kwa miaka minne, mpaka aliponunuliwa na mfanyabiashara Myahudi wa kabila la Isakari kwa vipande 32 vya dhahabu. Tangu hapo anaanza kuhesabu makabila na makao yao: Isakari katika milima ya Wamedi na Waajemi, Zabuloni katika milima ya Parani, Efraimu na nusu ya Manase upande wa Maka, Simeoni katika nchi ya Wakhazari, kaskazini mwa milima ya Kaukazi. Dani, Naftali, Gadi na Asheri anawaweka Havila, nchi ya dhahabu inayotajwa katika Mwanzo 2, ambayo yeye anaisogeza hadi Kushi.

Anaeleza pia walifikaje huko. Yeroboamu alipotaka kupigana na Rehoboamu, mwana wa Sulemani, watu wa Dani walikataa kumwaga damu ya ndugu zao wa Yuda, wakaamua kuhama. Wakapita Misri bila kuidhuru, wakafuata mto hadi Kushi. Tazama alivyolipanga jambo hili: kabila lake halikuchukuliwa mateka na Ashuru hata kidogo. Liliondoka kwa hiari, mapema, likiwa na silaha zake na heshima yake. Biblia katika 2 Wafalme 17:6 inasema mateka wa Samaria walipelekwa Hala, Habori, mto wa Gozani na miji ya Wamedi, na maandishi ya mfalme Sargoni wa Pili wa Ashuru yanajigamba kuwa aliwahamisha watu zaidi ya 27,000. Eldadi anajua habari ya utekwa, lakini ukoo wake anauondoa katika aibu hiyo.

Sehemu iliyopendwa kuliko zote ni ile ya wana wa Musa. Hawa, asema Eldadi, ni Walawi waliotundika vinubi vyao kando ya mito ya Babeli kama Zaburi ya 137 inavyosimulia. Walipoamriwa wamwimbie adui nyimbo za Sayuni, walijikata vidole vyao wasiweze kupiga, na wingu likawabeba usiku hadi nchi iliyozungukwa na mto Sambation. Mto huo hauna maji: unaviringisha mchanga na mawe kwa kishindo siku sita, na Sabato unatulia. Ndani ya mzunguko wake hakuna mnyama najisi, nyumba hazina makomeo, mtoto hafi mzazi wake akiwa hai, na watu huishi hadi miaka 120. Makabila manne huja ukingoni na kuzungumza na wana wa Musa kutoka ng'ambo, lakini hawawezi kuvuka.

Mto huo haukubuniwa na Eldadi. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika juu ya mto wa Sabato huko Shamu ambao Tito, jemadari wa Kirumi, aliuona baada ya kuangamiza Yerusalemu, na Pliny Mroma naye aliutaja. Midrashi, yaani masimulizi ya marabi ya kufafanua Maandiko, inasimulia kwamba Rabi Akiba, alipoulizwa na gavana wa Kirumi anajuaje kuwa Sabato ni siku tofauti na nyingine, alitoa mto huo kuwa shahidi. Alichokifanya Eldadi ni kuuchukua mto wa wanazuoni na kuujaza watu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ukombozi, na nitatua kidogo, kwa sababu wengi hukisoma kisa hiki kama hadithi ya safari tu. Manabii walikwisha kuifunga habari ya Masihi na habari ya makabila kumi kwa fundo moja. Ezekieli 37 ina vijiti viwili, cha Yuda na cha Yusufu, vinavyounganishwa mkononi mwa nabii viwe kimoja. Isaya 11 inasema Bwana atanyosha mkono wake mara ya pili awarudishe mabaki ya watu wake, na miongoni mwa nchi anazozitaja imo Kushi. Sefania 3:10 inasema wazi kuwa kutoka ng'ambo ya mito ya Kushi watakuja wakileta matoleo. Kwa msomaji wa Kiyahudi wa karne ya 9 au ya 15, maneno “ng'ambo ya mito ya Kushi” hayakuwa ramani tu, yalikuwa aya ya nabii. Eldadi alipojitambulisha kuwa ametoka huko, msikilizaji aliyeijua Sefania alielewa papo hapo kwamba mbele yake amesimama mtu ambaye kuwapo kwake tu ni dalili kuwa ahadi haijafa.

Usidhani kwamba wote walikubaliana juu ya marejeo ya makabila hayo. Katika Mishna, mlango wa kumi wa Sanhedrin, Rabi Akiba huyohuyo anasema makabila kumi hayatarudi tena, na Rabi Eliezeri anampinga kwa kusema kuwa kama mchana unavyoingia giza kisha ukang'aa, ndivyo giza la makabila hayo litakavyogeuka nuru. Kisa cha Eldadi kinaingia katika ubishi huo na kuegemea upande wa Rabi Eliezeri kwa nguvu zote.

Ilikuwapo haja nyingine pia. Wakristo waliwaambia Wayahudi kwamba kwa mujibu wa Mwanzo 49:10 fimbo ya enzi haitaondoka katika Yuda mpaka aje mwenye milki. Na kwa kuwa Wayahudi hawana mfalme popote, basi Masihi amekwisha kuja. Eldadi alileta habari za wafalme wa Israeli wenye majeshi, waamuzi na bendera, wasiolipa kodi kwa mtu. Nadhani hiyo ndiyo sababu Hasdai ibn Shaprut, mtumishi mkubwa wa khalifa wa Cordoba katika karne ya 10, alipomwandikia mfalme wa Wakhazari kumwuliza kama ni kweli yuko Myahudi anayetawala, alimkumbuka katika barua yake mtu yule wa Dani aliyefika siku za baba zao na kukiita kila kitu kwa Kiebrania. Mtu aliyeishi chini ya utawala wa wengine, hata awe na cheo gani, alikuwa na kiu ya kusikia kwamba mahali fulani ndugu zake wako huru.

Kutoka Mantua kisa kilienea. Chapa nyingine zilitoka Konstantinopoli mwaka 1516 na Venisi mwaka 1544, na mwaka 1563 Génebrard, mwanazuoni Mfaransa, alikitafsiri kwa Kilatini huko Paris. Kati ya Conat na chapa hizo lilikuwa limetokea jambo kubwa: mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania. Isaac Abravanel, aliyekuwa mwenyewe miongoni mwa waliofukuzwa, aliandika vitabu vitatu juu ya ukombozi kati ya 1496 na 1498. Mwaka 1524 alitokea Roma mtu mfupi aliyejiita David Reubeni, akasema ni ndugu wa mfalme wa makabila ya jangwani, akapokewa na Papa Klementi wa Saba, kisha akaenda Ureno kwa mfalme João wa Tatu kuomba silaha. Huko akamchochea bila kukusudia kijana mmoja wa ukoo wa Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu, Diogo Pires, ambaye alirudi kwenye dini ya wazee wake akajiita Shlomo Molkho, na mwaka 1532 akachomwa moto hadharani katika mji uleule wa Mantua. Tumaini la makabila kumi lilifariji mioyo, na liliua watu vilevile.

Je, Eldadi alisema kweli? Waliomtilia shaka hawakungoja zama zetu. Abraham ibn Ezra, mfafanuzi mkubwa wa Torati wa karne ya 12, alipofika Kutoka 2:22 alionya kwamba kitabu kisichoandikwa na manabii wala wanazuoni kwa mapokeo kisitegemewe, na akakitaja kitabu cha Eldadi kwa jina. Katika karne ya 19 Abraham Epstein na David Heinrich Müller walikusanya matoleo mbalimbali, ambayo ni zaidi ya kumi na yanatofautiana sana, wakayachambua neno kwa neno. Ilionekana kuwa Kiebrania cha Eldadi kina athari za Kiarabu, lugha ambayo yeye alidai hakuijua. Wapo waliomwita mlaghai mtupu. Wapo waliodhani alitoka kweli katika jamii ya Kiyahudi ya pembezoni, labda upande wa Ghuba ya Aden, akatia chumvi habari za kwao. Mimi naegemea rai hii ya pili, kwa sababu sheria zake za kuchinja zimepangwa kwa undani ambao mlaghai asingekuwa na haja nao. Anayetaka kudanganya watu husimulia mito ya mawe. Hahangaiki na hali ya mapafu ya mnyama aliyechinjwa.

Sasa nije kwenye jambo nililoahidi. Katika karne ya 16 aliishi Kairo mwanazuoni David ibn Abi Zimra, ajulikanaye kwa kifupi cha Radbaz, aliyefariki mwaka 1573. Vita vya Uhabeshi, yaani Ethiopia, vilileta mateka wengi katika masoko ya Misri, na miongoni mwao walikuwamo watu walioshika Sabato na Torati. Radbaz aliletewa swali juu ya mwanamke wa Kushi aliyetekwa na kununuliwa na Myahudi, akamzalia mtoto wa kiume. Sasa kijana amekua anataka kuoa, na watu wanauliza kama yeye ni Myahudi na kama mama yake alikuwa bado mke wa mtu. Radbaz aliamua kwamba watu hao ni wa kabila la Dani pasipo shaka, na kwamba kama hawazijui sheria za wanazuoni ni kwa sababu walitengwa nao, si kwa uasi. Wazo kwamba Dani yuko Kushi halikushuka kwake kutoka hewani. Lilikuwa limezungushwa kwa karne nyingi na kisa cha Eldadi.

Mwaka 1973 Ovadia Yosef, rabi mkuu wa Wayahudi wa Kisefardi katika Israeli, alipoulizwa juu ya Beta Israel, jamii ya Wayahudi wa Ethiopia, aliirudia hukumu ya Radbaz akaamua kuwa ni uzao wa Dani na kwamba ni wajibu kuwaokoa. Mwaka 1975 serikali ya Israeli ikawatambua chini ya Sheria ya Marejeo, inayompa Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 maelfu walisafirishwa kwa ndege kutoka Sudan, baada ya wengi kufia njiani na kambini, na mwezi wa Mei 1991 watu zaidi ya 14,000 walichukuliwa kutoka Addis Ababa kwa muda wa saa zipatazo 36. Hivyo maneno ya mgeni wa Kairouan, aliyetiliwa shaka tangu siku ya kwanza, yalipita katika vitabu vya sheria na kuchangia kuwafungulia mlango watu wenye njaa na hofu. Sijui kitabu kingine cha safari chenye matokeo ya namna hiyo.

Lakini mtafiti wa historia analazimika kusema jambo jingine kwa sauti ileile. Beta Israel hawafanani na Wadani wa Eldadi. Hawakusema Kiebrania, hawakuwa na Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi. Maandiko yao matakatifu, Orit, ni ya Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, na ibada yao ilikulia katika ardhi ya Ethiopia, ikipokeana na kushindana na Ukristo wa huko. Watafiti wengi leo wanaieleza jamii hiyo kuwa ilipata umbo lake ndani ya Ethiopia. Hukumu ya Ovadia Yosef ni hukumu ya sheria ya dini, na ina uzito wake kamili katika uwanja huo. Haikutolewa na wachimba kale wala wapima damu, na haikuhitaji.

Kwa msingi huohuo najibu swali lako la tatu. Kitabu cha Eldadi hakiwezi kuthibitisha kwamba Wahaya, Wanyambo, Watutsi, Wahima au watu wengine wowote wa Maziwa Makuu ni Waisraeli. Hakiwataji. Jina Kushi katika Kiebrania cha kale lilihusu nchi za kusini mwa Misri, na katika kalamu ya mtu wa karne ya 9 lilikuwa upeo wa mbali usio na mipaka. Anayelivuta mpaka Kagera anaongeza lake.

Na kwa kuwa unaandika kutoka Bukoba, niruhusu nikukumbushe jambo lililotokea karibu na kwenu. John Hanning Speke alikaribishwa kwa ukarimu na Mukama Rumanika wa Karagwe mwaka 1861, na katika kitabu chake cha mwaka 1863 akaandika dhana kwamba tabaka la watawala wa nchi hizi lilitoka Uhabeshi. Dhana hiyo ilikuzwa na wamisionari na watawala wa kikoloni mpaka ikawa somo la shuleni. Wapo walioipokea kwa fahari, kama wanavyoipokea vijana uliowasikia. Lakini mwezi wa Novemba 1992, huko Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliigeuza mbele ya mkutano wa hadhara, akasema Watutsi kwao ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kwa mto Nyabarongo, unaomwaga maji yake katika Kagera. Tunajua miili iliyoelea katika Kagera mwaka 1994 mpaka ikafika ziwani. Mtu akikuambia kwamba wazee wako walitoka mbali na ni watu wa Kitabu, mwingine anaweza kulichukua neno hilohilo akasema kwamba basi hapa si kwenu. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa zito, na nakusihi uwaambie vijana hivyo bila kuwaficha.

Wako pia jirani zetu ambao hawakuhitaji nasaba. Semei Kakungulu, jemadari wa Baganda, aliisoma Biblia huko Mbale na mwaka 1919 akaamua kuishika Torati, akatahiriwa pamoja na wanawe. Jamii aliyoianzisha, Abayudaya, haidai kuwa kabila lililopotea. Walichagua, wakavumilia Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na wengi wao walikamilisha taratibu za kuingia rasmi katika Uyahudi mwaka 2002. Wapendao Israeli wana njia hiyo ya kuifikiria, iliyo ya kweli na isiyomnyima mtu ukoo wake.

Nimalizie na nakala ya Ujerumani. Shemeji yako asitafute ukurasa wa jina: vitabu vya Kiebrania vya wakati wa Conat havikuwa nao, maandishi huanza moja kwa moja. Akiona ukurasa wa mbele wenye pambo la mlango na jina la mji wa Venisi, basi anatazama chapa ya baadaye, ambayo nayo ina thamani lakini si hii. Herufi za Conat si zile za mraba tulizozizoea; zinafuata mwandiko wa mkono wa Wayahudi wa Italia, kiasi kwamba asiyezoea atadhani ni hati iliyoandikwa kwa kalamu. Karatasi ni ya matambara, na ukiiinua kwenye mwanga huonyesha mistari ya chekeche iliyoitengeneza na alama ya mtengenezaji. Mahali herufi ilipogonga, upande wa pili kidole husikia uvimbe mdogo. Hakuna namba za kurasa zilizochapwa. Ni kijitabu cha majani machache, na ndiyo maana ni adimu: kitu chembamba kisicho na jalada gumu husomwa mpaka kikachakaa, na nakala zilizosalia nyingi ziliokoka kwa kufungwa pamoja na vitabu vingine. Mwishoni atazame kama kuna sahihi ya mkaguzi wa Kanisa kwa wino uliogeuka kahawia. Domenico Gerosolimitano, Myahudi aliyebatizwa, alikagua vitabu vya Mantua katika miaka ya 1590, na sahihi yake hupatikana katika vingi vilivyopitia mikono ya Wayahudi wa Italia.

La muhimu kuliko karatasi ni njia ambayo nakala imepitia. Wanazi walipora maktaba za Kiyahudi kote Ulaya, na baada ya vita Wamarekani walikusanya mamilioni ya vitabu huko Offenbach karibu na Frankfurt ili virudishwe kwa wenyewe; si vyote vilivyorudi. Kitabu cha Kiebrania cha karne ya 15 kinachouzwa Ujerumani bila maelezo ya nani alikuwa nacho kabla ya 1933 kisinunuliwe mpaka mihuri iliyofutwa na kurasa zilizokatwa zichunguzwe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika akiulizwa. Shemeji yako anaweza pia kuilinganisha na orodha ya kimataifa ya vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1501, inayotunzwa na Maktaba ya Uingereza na kusomeka bure kwenye intaneti, ambayo hueleza kila chapa na maktaba zilizo nayo.

Wewe mwenyewe, kama unasoma Kiingereza, unaweza kumpata Eldadi katika mkusanyo wa wasafiri wa Kiyahudi uliotafsiriwa na Elkan Nathan Adler mwaka 1930. Nakushauri uanze na barua ya watu wa Kairouan na jibu la Tzemach, ndipo uende kwenye mto Sambation. Na vijana wakikuuliza, wasomee kwa mpangilio huohuo, Sefania 3 ikiwa wazi mezani.